Corolla yangu taa ya cheki enjini waja leo waondoka leo, mafundi watatu wameshanila hela

mgosi_wa_sahare
Wakuu habari za humu. Nina Corolla NZE121 ya 2002, injini 1NZ ya siisii 1500, niliachiwa na marehemu ami yangu. Dashibodi inasoma kilomita 214,000 na ushee ila hizi dashibodi tunazijua wenyewe, nisiape.

Shida iko hivi. Taa ya njano ya injini inawaka, inakaa siku moja au mbili, inazima yenyewe. Inapita wiki sina habari nayo, nikishaanza kujisifu tu hiyooo imerudi. Siku inayowaka gari inakuwa nzito, ukikanyaga mafuta inavuta pumzi kwanza kama mzee anayepanda ngazi ndio iende, na nyuma petroli inanuka. Ikizima gari kama imetoka bandarini jana.

Fundi wa kwanza kasema plagi, nikaweka nne mpya 48,000, siku ya tatu taa ikarudi. Wa pili kasema masega (yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi) yameziba yakatwe, na akaniuliza kama nayahitaji au abaki nayo yeye, hapo nikashtuka nikaondoka. Wa tatu hata boneti hakufungua, kasikiliza mlio akasema kontrolbox (kompyuta ya injini) imekufa, niandae laki nne na nusu atanitafutia yuzdi. Na kila nikifika gereji taa imezima, kama mtoto aliyelia usiku kucha ana homa ukimfikisha kwa daktari anacheza na viatu vya wagonjwa.

Nimenunua na kile kidude cha blututhi cha kupimia, simu inazunguka weee inasema imeshindwa kuunganisha. Nisaidieni, nakaa Sahare na kila wiki nakwenda Pangani mara mbili kufuata nazi, gari ndio mkono wangu.

chuma_cha_chumbageni
Rahisi hiyo mkuu. Fungua kichwa cha betri cha hasi, kaa dakika kumi, rudisha. Taa kwisha. Mi nafanya kila mwezi.

FundiWaya_Ngamiani
Mgosi USIFUNGUE BETRI. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Ndugu yangu wa Chumbageni ukiona unafanya kitu kila mwezi ujue hujatengeneza, umefuta tu. Kontrolbox ya gari ikiona tatizo inaandika namba kwenye kumbukumbu yake halafu ndio inawasha taa. Ukichomoa betri unafuta ile namba, yaani mgonjwa kaandikiwa cheti na wewe umekichana kabla hakijasomwa. Halafu saileni (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) nayo inayumba siku mbili tatu kwa sababu kontrolbox imeanza kujifunza upya.

Hata taa ikizima yenyewe namba inabaki. Magari yenye mfumo wa OBD-II (ule wa gari kujipima na kuandika hitilafu zake) taa huzima baada ya safari tatu mfululizo bila hitilafu, yale ya zamani zaidi inazima hapo hapo tatizo likiondoka, ila kumbukumbu haifutiki kwa sababu taa imezima. Kwa hiyo ule wasiwasi wako wa kufika gereji taa imezima usikupe presha, fundi aliyekurudisha kwa sababu taa haiwaki hakutaka kazi.

yakhe_21
Yakhe wewe uza tu hiyo gari ununue baiskeli, Tanga nzima tunaendesha na hakuna iliyowahi kuwasha taa ya injini 😂

dereva_wa_segera
Mimi nimebandika plasta nyeusi juu ya taa tangu 2018 na gari inakwenda Korogwe na kurudi. Taa ya njano haijawahi kumuua mtu.

FundiWaya_Ngamiani
Mzee wangu shikamoo, ila hiyo plasta itakuponza. Ya njano ni kweli mara nyingi inakupa muda. Lakini wapo wanaochanganya na ile nyekundu ya oili, ile yenye picha ya kopo linadondosha tone. Nilishaletewa gari imevutwa kwa kamba kutoka Hale, mwenyewe anasema "si taa tu fundi, na jana iliwaka". Nafungua, beringi zimelika, kranki imechubuka. Nyekundu ya oili unazima injini hapo hapo, hata kama upo katikati ya daraja.

dereva_wa_segera
Marahaba. Plasta iko juu ya njano peke yake, nyekundu naiona vizuri. Endeleeni.

bint_makorora
Kaka pole. Mimi si fundi ila IST yangu ilinitesa hivyo hivyo mwaka mzima, na kilichonisaidia ni daftari la shule la mwanangu. Taa inayokuja na kuondoka ina sababu ya kuja na sababu ya kuondoka, wewe tu hujaiona kwa sababu kila ikiwaka unahamaki unawaza hela. Kila ikiwaka andika: saa ngapi, injini ya baridi au ya moto, kuna mvua au jua, ulikuwa barabara gani, spidi ngapi, umetoka kuweka mafuta au kuosha gari. Usiandike unachodhani, andika kilichotokea. Yangu ilikuwa kila nikitoka kuosha gari, ikaja kuonekana maji yanaingia kwenye koili ya pili (ile inayopeleka umeme kwenye plagi). Elfu thelathini imekwisha, na nilishaambiwa nibadili gia boksi.

mbondei_halisi
Angalia kifuniko cha tangi la mafuta mkuu, kama hakijakaza taa inawaka. Nimeona Youtube.

FundiWaya_Ngamiani
Hao wa Youtube wengi wanazungumzia magari yaliyouzwa Marekani, kule gari inajipima mvuke wa petroli unaovuja kwenye tangi na kifuniko kikilegea inalalamika. Hizi zetu nyingi zimetengenezwa kwa soko la Japani, za umri huu kwa kawaida hazina kipimo hicho. Kaza kifuniko hata hivyo, ila usikitegemee.

Ndio sababu hata kidude chako cha blututhi kinagoma. Marekani walilazimisha OBD-II kwa magari madogo ya kuanzia 1996, Ulaya wakafuata na ya kwao kwenye magari ya petroli 2001. Gari ya Japani ya 2002 ina lile tundu la mdomo kumi na sita chini ya usukani linalofanana kabisa, lakini lugha inayotoka ndani si lazima iwe ile ambayo kidude chako kinaijua. Si kibovu, hawaelewani tu. Wenye mashine ya Toyota wataisoma.

Ila kuna njia ya bure, gari yenyewe itakusomea kwa kupepesa taa. Fanya taratibu na kwa mwanga:

Zima injini, AC zima, mguu usiwe kwenye mafuta. Chuchumaa uangalie lile tundu upande mpana ukiwa juu. Mstari wa juu una matundu manane, hesabu kutoka kushoto la nne, hiyo ni ethi (upande wa hasi). Mstari wa chini nao manane, hesabu kutoka kushoto la tano, hilo kwenye hesabu ya wote ni la 13. Unganisha la 4 na la 13 kwa kipande cha waya mwembamba au kile kibanio cha karatasi. NARUDIA hesabu mara mbili, kwa sababu la mwisho kabisa kulia chini ni la 16 na lina umeme wa betri muda wote, ukiligusisha na ethi utaona moshi na utanitukana mimi.

Halafu swichi weka ON bila kuwasha injini. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka sawasawa bila kupumzika maana yake hakuna kilichoandikwa. Ikiwa kuna namba, itapepesa mara kadhaa, itapumzika kidogo, itapepesa tena. Mfano mbili, pumziko, moja, hiyo ni 21, ya oksijeni sensa (inayopima moshi wa ekzosi). Namba zikiwa zaidi ya moja zinaanza ndogo, pumziko refu kidogo, inafuata kubwa, kisha zinarudia toka mwanzo. Taa za ABS na eabegi nazo zinaweza kupepesa, msishtuke. Chukua video kwa simu uhesabu ukiwa umekaa, macho yanadanganya.

mgosi_wa_sahare
Fundi Mungu akubariki. Dada wa Makorora nimechukua daftari. Nipeni siku kumi nirudi, siwezi kuacha uzi njiani kama wale wanaotatuliwa shida halafu kimya.

chuma_cha_chumbageni
Mi bado nasema oltaneta, ile inayochaji betri. Umeme mdogo unachanganya kontrolbox. Pima kwa mita.

FundiWaya_Ngamiani
Hapo umesema la maana mkuu wa Chumbageni, sikatai. Gari ikinguruma isomeke 13.5 hadi 14.5 hivi, ikilala imezimwa betri nzima ni kama 12.6. Apime, dakika mbili tu.

yakhe_21
Siku kumi nyingi, Coastal Union wanacheza Mkwakwani Jumamosi tukutane huko nikuone na hiyo gari ya miujiza. Wagosi wa Kaya hawajachukua ligi tangu 1988 na bado tunakwenda uwanjani, wewe taa tu inakukatisha tamaa?

mgosi_wa_sahare
NIMERUDI. Siku kumi na moja.

Umeme 14.1 injini ikinguruma, 12.5 ikiwa imelala. Oltaneta haina kesi.

Daftari hili hapa nalinakili kama nilivyoandika:
Jumatatu asubuhi, Pangani, kipande kibovu cha vumbi na makorogeo, spidi 30, imewaka.
Jumanne lami mjini kutwa, iko vile vile inawaka ila gari nyepesi. Jumatano imezima.
Alhamisi Pangani tena, imewaka karibu na pale pale, nimebeba nazi mia tatu.
Jumamosi nimekwenda Muheza na kurudi kufuata machungwa, lami tupu, spidi 80, haijawaka hata kidogo. (Coastal nilikwenda, tusizungumze.)
Jumapili kijana kaosha gari na injini, nimewasha imewaka hapo hapo. Jioni imekauka, nimezima na kuwasha, imezima.
Jumatatu Pangani imewaka. Alhamisi Pangani imewaka.

Yaani mara tano, nne ni kwenye makorogeo na moja ni maji. Mimi kwa akili yangu nilikuwa najua inawaka "hovyo hovyo tu" na hivyo ndivyo nilivyowaambia mafundi wote watatu, basi na wao wakanijibu hovyo hovyo.

Namba nimesoma kwa ile njia, mke wangu kashika simu anapiga video mimi nimelala chini ya usukani. Mbili, pumziko, nne. Kisha tatu, pumziko, moja. Imerudia hivyo hivyo mara sita. 24 na 31.

FundiWaya_Ngamiani
Hapo sasa! Mgosi hizo namba mbili pamoja ni habari tamu.

31 ni sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia injini, imekaa kwenye bomba ukitoka tu kwenye boksi la ea klina. 24 ni sensa ya joto la hewa inayoingia. Sasa watu wengi wakiona namba mbili wanasema sensa mbili zimekufa, nunua mbili. Lakini kwenye 1NZ hizo sensa mbili zinakaa NDANI YA KIDUDE KIMOJA na zinatumia SOKETI MOJA ya nyaya tano. Vitu viwili tofauti vife siku moja, vifufuke siku moja, halafu vife tena ukipita kwenye makorogeo? Haiji. Kinachokufa na kufufuka ni kile wanachochangia, yaani soketi au nyaya zake. Na daftari linasema hilo hilo, mtikisiko na maji. Sensa iliyoungua haipati nafuu ikifika lami.

Na ile gari kuwa nzito na petroli kunuka inaingia humo. Sensa ikikatika kontrolbox haijui hewa kiasi gani imeingia, inaanza kukisia kwa kuangalia umekanyaga mafuta kiasi gani na resi ngapi, na kukisia si kupima, ndio maana injini inakuwa nzito na mafuta yanazidi.

Fanya hivi kabla hujanunua chochote. Injini iwe inanguruma saileni, shika ile soketi uitikise taratibu, kisha pindapinda nyaya zake nyuma kidogo kidogo. Injini ikiyumba au taa ikawaka mkononi mwako, umemkamata mwizi na kuku.

bint_makorora
Nimekaa mkao wa kula 🍿

mgosi_wa_sahare
Wallahi wakuu sina la kusema.

Nimefungua boneti, nimefika kwenye ile soketi, klipu yake ya kubana IMEVUNJIKA zamani na fundi mmoja huko nyuma (simjui ni nani, labda enzi za ami) kaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Yakhe 21 baiskeli zako hizo. Mpira umekauka umepasuka, soketi inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nimeigusa tu injini imeshuka resi ikataka kuzima na taa paa! Nimeisukuma ndani, injini ikapanda. Nimerudia mara tatu kama mtoto aliyepata toi.

Nimezima nikaichomoa. Ndani pini mbili zina kutu ya kijani, ile ile ya shaba inayokaa karibu na bahari, na tundu moja la upande wa waya mdomo umepanuka haumbani pini. Waya mmoja ganda limepasuka ndani unaona shaba imebaki nyuzi chache.

Sasa nikumbuke kitu kimoja kinaniuma. Kila fundi aliyefungua ea klina kuipuliza vumbi alichomoa hii soketi akairudisha. Mtu kaishika kwa mkono wake, kaona mpira wa baiskeli, kairudisha, kaniambia plagi.

FundiWaya_Ngamiani
Usiwalaumu wote, mpira wa baiskeli Tanga ni spea halali 😂 Mimi mwenyewe nimeshautumia kufunga boneti.

Sasa tengeneza sawasawa. Nenda kwa wauza spea yuzdi katafute soketi ya sensa ya hewa ya 1NZ iliyokatwa na nyaya zake, iwe na kipande kirefu cha kuunganishia. Vitz, IST, Raum, Probox za injini hiyo wengi wanayo, linganisha tu umbo kwa macho kabla hujalipa. Fungua hasi ya betri sasa, namba umeshazisoma, haina shida. Kata waya MMOJA unganisha MMOJA, ndio ukate wa pili. Ukikata zote tano kwa pamoja na rangi hazifanani utaniita usiku wa manane. Zisokotwe tu na kuzungushiwa tepu hapana, zipigwe soldaringi na ule mpira unaobana kwa moto, tepu kwa joto la injini na chumvi ya Sahare itaachia ndani ya mwaka.

Pini za kwenye sensa yenyewe zisafishe kwa kontakti klina, usikwangue na msasa. Na ule uzi mwembamba wa ndani ya sensa usiguse kwa kidole wala pamba, na usipulizie kabureta klina, ni mwepesi kama unywele na ndio unaopima. Ukishamaliza chomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa injini) dakika moja kama kuna namba imebaki, rudisha, soma tena kwa kupepesa.

Na ukiwa humo humo fuatilia waya wa ethi unaotoka betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini, fungua nati ukwangue kutu ufunge. Gari ya kukaa ufukweni hiyo ni kazi ya kila mwaka iwe ina taa au haina.

dereva_wa_segera
Fundi uko barabara ya ngapi Ngamiani? Nataka kutoa plasta.

FundiWaya_Ngamiani
Nakujia inbox mzee wangu.

mgosi_wa_sahare
Mrejesho wa mwisho, leo ni wiki ya tano.

Soketi yuzdi yenye nyaya nimepata 15,000, kijana wa soldaringi kachukua 10,000 na kanipa mpira wa kubana bure. Jumla elfu ishirini na tano, wakati plagi nilizobadilisha bila sababu ni 48,000 na kidude cha blututhi kisichoongea Kijapani 25,000, achilia mbali laki nne na nusu niliyokuwa nimeshaanza kumkopa shemeji.

Nimekwenda Pangani mara tisa, mara mbili kwenye mvua. Taa haijawaka. Petroli hainuki tena nyuma na tangi linanifikisha mbali zaidi, kwa macho tu, sijapima kwa lita. Nimesoma tena kwa kupepesa, inapepesa haraka sawasawa bila kupumzika. Mke wangu anasema video hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko ya harusi yetu.

Daftari bado liko kwenye gari. Mrejesho kwa dada wa Makorora, mfuko wa machungwa uko kwangu wako.

bint_makorora
Machungwa ya Muheza sikatai kaka. Nakuja Jumapili na mwanangu, na lile daftari linunuliwe jipya maana alipigwa shuleni kwa hilo la kwangu.

vitz_ya_lushoto
Jamani samahani nadandia uzi. Mimi Vitz yangu taa haiwaki moja kwa moja, INAPEPESA nikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto na gari inatetemeka, nikifika juu inatulia. Na mimi nisome 4 na 13?

FundiWaya_Ngamiani
Inapepesa na kutetemeka wakati unaendesha hiyo ni nyingine kabisa dada/kaka, hapo injini inamisi (silinda moja haichomi mafuta sawasawa), petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye masega. Usiimalize milima hivyo, punguza mwendo egesha. Namba soma ndiyo, halafu zihamishe koili, ya kwanza peleka ya tatu uone kama misi inahama nayo. Fungua uzi wako tuje, na uje na daftari.